Jumamosi ya Tisa ya Mzee Russell

Da Saumu hakunisalimu. Huyu ni mtu wa Tanga, ambaye kwa kawaida hukusalimia wewe, mkeo, watoto wako mmoja mmoja, goti lako lililouma mwaka juzi, na hata gari lako, kabla hajafika kwenye alichokupigia simu. Jumatatu ile asubuhi nilikuwa juu ya kigoda nabadilisha balbu ya jikoni, simu nimeibana kati ya sikio na bega, akasema tu, "Kaka Ainea, Shemasi katutoka."

Nikashuka.

"Lini?"

"Jana alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Ulisema utakuja, kaka."

"Nilisema."

"Ulisema Krismasi. Ukasema Pasaka. Ukasema theluji ikiyeyuka. Theluji imeyeyuka mara ngapi, jamani? Daraja ni lile lile."

Wanaonijua watashangaa kusikia kwamba nilikaa sakafuni. Katika harusi za Wakenya kuanzia Lanham hadi Baltimore mimi ndiye hukabidhiwa kipaza sauti, na nikikishika hata keki hucheka. Nimewahi kumsifu bwana harusi mpaka bibi harusi akauliza ni nani huyo anayesemwa. Lakini Jumatatu ile nilikaa kwenye vigae vya jikoni na balbu iliyoungua mkononi, nikamfikiria mzee wa miaka zaidi ya tisini aliyekufa ng'ambo ya mto, Arlington, akiwa amengojea neno moja kutoka kwa rafiki yake. Rafiki huyo, Mzee Russell, alitangulia zamani. Neno lenyewe lilikuwapo, tena limeandikwa kwa wino, ndani ya daftari lenye jalada la kijani, na daftari hilo limelala chini ya masuti yangu kabatini miaka ishirini na zaidi. Haya ninayoandika ni jinsi lilivyofika pale, na kwa nini halikuvuka mto.

Habari za kijiji, za baba na mama, na za jinsi nilivyopata viza, nitaziruka. Kila Mluhya wa Maryland anazo, na zote ni ndefu kuliko Mto Nzoia. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nina koti moja la baridi ambalo wangeweza kuingia watu watatu na mbuzi wao, na nilikuwa na shughuli mbili: kumhudumia mzee nyumbani kwake Lanham, na kusoma masomo ya jioni kila Jumanne na Alhamisi ili nipate cheti cha kuuguza. Cheti nilikipata. Kimetundikwa sebuleni, ni kikubwa kama mlango. Mke wangu anasema ni kidogo kama leseni ya baiskeli, lakini yeye huyatazama mambo bila mapenzi.

Nyumba ya Mzee Russell ilikuwa ya matofali mekundu, katika mtaa wa watu weusi waliostaafu vizuri, walimu na watumishi wa serikali, nyasi zao zimekatwa kama nywele za askari. Tuliishi jikoni. Palikuwa na meza ya duara yenye kitambaa cha plastiki cha picha za ndimu, friji iliyokoroma kuliko mwenye nyumba, na dirisha lililoelekea barabara kuu inayolizunguka jiji, ambayo sauti yake haikomi, kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Hadi leo nikisikia magari mengi kwa mbali hunijia harufu ya njegere za kuchemsha na viazi vya kuponda. Mzee alikuwa na miaka sabini na miwili, lakini mwili wake ulikuwa bado haujaambiwa. Viganja vyake vilikuwa sinia za pilau. Akiingia bafuni, taa ya dari ilimpisha. Kichwa ndicho kilichokuwa kinaondoka, kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga chumba kwa chumba. Daktari alisema kiligongwa mara nyingi mno ujanani.

Siku ya kwanza nilimwita Mzee, akaniuliza maana yake.

"Ni mtu mkubwa," nikamwambia.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Akikohoa, watu huzima redio."

Akalifikiria hilo huku akitazama mikono yake. "Nimeishi miaka yote hii," akasema, "na ndiyo kwanza mtu ananiita jina langu."

Asubuhi alikuwa na Da Saumu. Mimi niliingia saa nane mchana, na katikati, wakati mmoja anavua viatu vya kazi na mwingine anavaa, ndipo Kiswahili kilipopata nusu saa yake ndani ya nyumba ile. Da Saumu alinizidi miaka kumi hivi, mwanamke mwembamba, mtandio wake haujapata kukunjika tangu ulimwengu uumbwe, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hasemi uongo. Ukimuuliza kama umenenepa, atakuzunguka kwanza, akuangalie, kisha akujibu.

"Amekula nini?" namuuliza.

"Kijiko kimoja cha uji wa shayiri, na nusu ya kijiko alinimwagia."

"Basi amekula kijiko na nusu."

"Ninyi Wakenya! Hata hesabu ya uji mnaitia chumvi."

Binti wa Mzee, Denise, aliyefanya kazi ofisini na kurudi jioni, alinipa maagizo mawili. La kwanza lilikuwa la vidonge. La pili lilikuwa daftari la kijani. "Hali chakula mpaka asomewe," alisema. "Soma hata kama hajui unachosoma." Mzee aliliandika mwenyewe mwaka wake wa mwisho chuoni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alipokuwa akichezea timu ya chuo. Msimu ulikuwa wa Jumamosi tisa, na kila Jumamosi ina kurasa zake. Mpira wenyewe si ule tunaoujua. Huu umechongoka kote kuwili kama papai, hubebwa kwapani, na wanaume ishirini na wawili hugongana kama magunia ya mahindi yanayoshushwa kwenye lori. Mmoja hurusha, mwingine hukimbilia mbele na kuudaka. Shemasi alikuwa mrushaji. Russell alikuwa mdakaji. Zaidi ya hapo huhitaji kujua. Mimi nimeutazama miaka zaidi ya ishirini na bado nashangilia wakati watu wengine wamekaa.

Kilikuwa chuo kidogo cha watu weusi, kimekwisha zamani, na timu yake ilisafiri kwa basi moja bovu. Njiani hakuna hoteli iliyokubali kuwauzia chakula. Kwa hiyo kina mama wa kanisa waliwaokea mikate midogo ya mviringo, vikapu viwili, na safari ikiwa ndefu nahodha alisimama mbele, akaomba, kisha akairusha mikate nyuma, kiti kwa kiti. Nahodha ndiye yule mrushaji, na kwa maombi yale wakamwita Shemasi. Daftari limeyahifadhi: "Bwana, ubariki kilichopo, na umsamehe mwenye hoteli, maana mchuzi wake unanukia." Dereva alizima taa za ndani barabara za mashambani ili basi lisionekane limejaa nani, na gizani Russell, kiti cha mwisho kabisa, hakuwahi kuangusha mkate hata mmoja. Nilimsomea hayo jioni saa kumi na moja, wazee wa huku hula mapema kama kuku, naye akatafuna na kutikisa kichwa. Siku nyingine nilimpikia ugali. Akalichukua tonge, akalibana kwapani, akainama mbele kama anayetaka kulivuka friji. "Mzee, hilo huliwa," nikamwambia. "Najua," akasema. "Lakini kwanza lazima lifike."

Jioni nane zilikuwa sikukuu. Ya tisa ndiyo iliyokuwa msiba. Wakati ule timu ilikuwa imeshinda mara mbili na kufungwa mara sita, na mkuu wa chuo alitangaza kwamba wakifungwa na mchezo wa mwisho, timu inavunjwa, kwa kuwa chuo hakiwezi kulisha vijana wa kushindwa. Dakika ya mwisho kabisa, Shemasi akamnong'oneza Russell, Russell akakimbia, Shemasi akarusha. Ukurasa wenyewe una mistari mitatu tu na wa mwisho unasema: "Niliuangusha." Timu ikavunjwa. Wachezaji waliendelea kukutana kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, na kabla ya kula walimrushia Russell mkate. "Daka huo, basi!" ukumbi mzima ulipiga kelele, naye akaudaka kila mara na kucheka nao. Denise aliniambia kwamba baba yake akitoka huko alikuwa hasemi na mtu mpaka Jumatatu.

Mara ya kwanza niliposoma mstari ule, Mzee aliacha kutafuna. "Nani?" akauliza. Nilidhani anatania. Nikausoma tena. Akaviangalia viganja vyake, kimoja, kingine, akalia kama mtu aliyeletewa habari mlangoni muda huo huo. Kwake haikuwa nusu karne iliyopita. Alikuwa ameuangusha jioni ile, mbele yangu, juu ya kitambaa cha ndimu. Alisukuma sahani, na kwa siku mbili hakula kitu ila chai. Tukaanza upya Jumamosi ya kwanza, akapata nafuu, akasahau, tukafika tena ya tisa, ikawa vile vile. Da Saumu alilazimika kumtobolea mkanda tundu jipya.

Kwetu mgonjwa hapewi msiba. Mjomba wangu alilazwa Kakamega miezi miwili akimuulizia kaka yake, nasi tukamwambia, anakusalimu sana, yuko shambani, huku kaka mwenyewe tumeshamzika na matanga yamekwisha. Hakuna aliyeuita uongo. Tuliuona kama uji, chakula laini cha mtu asiyeweza kutafuna. Kwa hiyo mara ya tatu tulipofika Jumamosi ya tisa, nililishika daftari kama kawaida, nikaangalia mistari mitatu ile, nikasoma kitu ambacho hakikuwapo.

"Ukaudaka, Mzee."

Akainua macho. "Niliudaka?"

"Kwa mkono mmoja! Ukawaburuta watu wanne kama mikia, ukafika. Kengele za kanisa zikalia bila kupigwa. Mkuu wa chuo akavua kofia akaitafuna. Wakakubeba mabegani, ilibidi watafute watu kumi na wawili maana sita walikataa wakakimbia. Wakachinja ng'ombe."

"Ng'ombe!"

"Fahali, Mzee. Mwekundu."

Alikula sahani yake, akala ya kwangu, akauliza kama kuna mkate. Ninyi mlionisikia kwenye harusi hamjawahi kunisikia. Mtu aliyeniangalia vile, kinywa wazi, macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya Idi, sikumpata kabla wala baada. Tangu siku ile sikufungua tena ukurasa wa Jumamosi ya tisa. Ya nini? Niliijua kwa moyo, na kila nikiirudia fahali aliongezeka uzito.

Da Saumu aliipata habari kutoka kwa mwenyewe, asubuhi, akimnyoa.

"Ng'ombe gani huyo?" akanikabili nilipoingia, kiatu kimoja mkononi. "Tangu saa mbili nahadithiwa ng'ombe."

"Anakula, Da Saumu. Mwangalie mashavu."

"Nayaona. Hata kwetu mgonjwa hafikishiwi msiba, usidhani mmeanza ninyi. Lakini kwetu anasubiriwa apone, ndipo anakalishwa chini na kuambiwa. Huyu atapona lini, Ainea?"

Nikafanya nilichozoea. "Da Saumu, wewe hata peponi utasema pazuri lakini pana upepo."

Hakucheka. Alivaa kiatu chake akaondoka.

Novemba ikafika. Wachezaji waliobaki hawakujaza tena hata meza, wengine wamekufa, wengine wako kwenye viti vya magurudumu majimbo ya mbali, basi mwaka ule Shemasi alipiga simu akasema atakuja yeye mwenyewe Lanham, Jumamosi ile ile, wale wawili tu. Denise alituachia nyumba. Da Saumu, ambaye Jumamosi si siku yake, alikuja kusaidia kupika, nami najua alikuja kuona. Nilitarajia jitu la pili. Akaja mzee mfupi, mkavu, tai imefungwa kwa uangalifu, amekumbatia kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akanifuata jikoni wakati Russell bado anavalishwa sweta. Mikono yake ilitetemeka, akaificha chini ya kikapu.

"Kijana, naomba uniambie ukweli," alisema. "Anaikumbuka Jumamosi ya tisa? Nina jambo la kumwambia kuhusu hiyo. Sitaki kumwambia ukuta."

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipofunguliwa na nikapita kando yake. Ningesema, Mzee wangu, nimemtengenezea nyingine, nipe dakika tano. Badala yake nikatabasamu meno yote. "Anaikumbuka, bwana? Kila siku! Hasemi kingine!" Nyuma yangu Da Saumu aliweka kifuniko cha sufuria chini, taratibu sana.

Walikaa wakitazamana juu ya picha za ndimu. Russell alimjua mara moja, akamwita kwa jina lake la utani kwa sauti iliyotikisa vikombe. Shemasi akafunua kikapu. Mikate midogo ya mviringo, bado ya moto. Akachukua mmoja, asiurushe. Akaunyoosha mkono, akauweka kwenye kiganja cha Russell, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Leo sirushi," akasema. "Russ, nisikilize. Ule mpira. Nilikuambia utakuja juu ya bega la kulia. Ndivyo nilivyokuambia. Nikarusha kushoto. Nilichanganyikiwa, nikarusha kushoto, ukakupiga mkono kwa nyuma. Kosa lilikuwa langu. Nilijua pale pale uwanjani, nikanyamaza. Miaka hamsini nimewaacha wakurushie mkate, nami nikirusha pamoja nao." Alikuwa amejifunza maneno yale kwa moyo, ungeweza kusikia mahali alipozoea kuvuta pumzi. "Nimekuja uniseme. Nitukane. Au vyovyote utakavyo."

Russell alimwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu mzima aliyepotea nyumba. "Shemasi," akasema, "mpira upi? Niliudaka."

"Hapana, Russ."

"Kwa mkono mmoja. Walichinja ng'ombe."

"Russ. Tulifungwa."

Uso wa Mzee ukaanza kukunjika. Niliujua mkunjo ule, nilijua sahani inayosukumwa na siku mbili za chai. Akanigeukia. Shemasi naye akanigeukia. Da Saumu alikuwa amesimama penye jiko, ananitazama pia.

"Ainea," akasema Mzee, "tulishinda?"

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mke wangu. Nikasema, "Mlishinda, Mzee."

"Unaona?" Akapumua, akacheka, akampiga Shemasi bega. "Ulirusha vizuri, ndugu yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunirushia mpira kama ule." Kisha, kwa furaha tu, akaurusha mkate ule kuvuka meza. Shemasi akanyoosha mikono yake inayotetemeka. Mkate ukapita katikati yake, ukaanguka, ukabingirika mpaka chini ya friji.

Russell akainama mbele. "Usijali, Shemasi," akasema kwa upole. "Ni mkate tu."

Shemasi alikula kidogo, akaaga mapema. Nilimsindikiza hadi barazani. Aliteremka ngazi mbili, akasimama bila kugeuka. "Ni wewe uliyempa hiyo?"

"Ndiyo, bwana. Alikuwa hali chakula."

"Ndiyo," akasema. "Naelewa." Angenitukana ningepata nafuu. "Ni kwamba nilijiandaa kwa jibu lolote. Hili la kunishukuru sikulifikiria." Akaingia garini, akakaa muda mrefu bila kuwasha injini, kikapu kikiwa juu ya mapaja.

Mzee Russell alikufa Februari, kwa nimonia, theluji imefika madirishani. Mwisho alikuwa hajui jina langu, lakini bado alimjua fahali. Baada ya mazishi Denise alinipa daftari. "Wewe ndiye uliyelisoma kuliko mtu yeyote," alisema, nami nikalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayestahili. Nililifungua chumbani kwangu, alasiri ya Jumapili. Nilitaka kuuona mwandiko wake tu. Nikafika Jumamosi ya tisa, mistari mitatu, "Niliuangusha." Nikageuza karatasi.

Sikuwa nimewahi kugeuza karatasi ile. Mara mbili za kwanza alilia tukaishia pale, na baada ya hapo sikufungua tena, nilikuwa na hadithi nzuri zaidi. Nyuma yake palikuwa na maandishi mengine, wino mwingine, mkono ule ule lakini uliotulia, kama yameandikwa siku kadhaa baadaye. Yalikuwa machache. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Russell alijua. Alijua tangu mwanzo. Ningesoma kwa uaminifu, hata mara moja, hata yeye akilia, hata akishinda na njaa wiki nzima, ningefika nyuma ya ukurasa, na Shemasi alipokuja na kikapu chake angejibiwa kwa maneno ya Russell mwenyewe, na Russell angemsikia.

Machi nikaazima gari, nikavuka daraja, daftari kwenye kiti cha abiria kama mgonjwa. Nilifika mtaa wake Arlington. Alikuwa nje anafagia ngazi, amevaa tai. Nikapunguza mwendo, nikatunga ya kusema, na kila nilichotunga kilianza kwa "mimi". Ilibidi nimwambie kwamba jibu lake lilikuwa mezani siku ile, umbali wa mkono, na kwamba aliyelikalia ni mimi, kwa uvivu wa kugeuza karatasi. Nikapita. Nikajiambia, nikishahitimu, maana bado nahitaji barua ya Denise ya kuthibitisha saa zangu za kazi. Nikahitimu. Nikajiambia, nikishapata kazi. Jambo lisilosemwa siku yake hunenepa. Baada ya mwaka halipiti mlangoni. Da Saumu alikwenda kumfanyia Shemasi kazi, kwanza siku moja kwa wiki, mwishowe kila siku, na alinipigia: "Anakuulizia, kaka. Anasema yule Mkenya mchekeshaji yuko wapi, aje tunywe chai." Nikacheka, nikasema Krismasi. Nikasema Pasaka.

Shemasi alizikwa Ijumaa, siku nne baada ya simu ile. Baada ya ibada watu walishuka ukumbi wa chini wa kanisa, meza ndefu, kuku, maharage, vikapu vya mikate ya mviringo. Da Saumu alikaa kando yangu, nywele za mbele zimeingia mvi chini ya mtandio ambao bado haujakunjika. Nilimwekea daftari mapajani, limefunguliwa nyuma ya ukurasa ule. Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alipomaliza hakuinua kichwa.

"Jibu ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Unajua alikuwa ananiuliza nini, miaka hii ya mwisho, akili ilipoanza kumchezea na yeye? Kila jioni, nikimletea chakula. 'Saumu, Russell alisema nini siku ile?' Nami simdanganyi mtu. Namwambia, alisema ni mkate tu. Basi hunyamaza. Kesho anauliza tena." Akalifunga daftari, akanirudishia. "Kila jioni, Ainea."

Mjukuu wa Shemasi alisimama akauliza kama kuna mwenye neno. Baadhi ya Waafrika waliokuwapo, waliowahi kufanya kazi na Da Saumu, walinigeukia wakitabasamu, wanajua nikipewa kipaza sauti inakuwaje. Nikasimama. Nikasema jina langu, na kwamba daftari hili ni la Russell, mdakaji wa Shemasi, kutoka mwaka waliocheza pamoja. Kisha nikasoma:

"Shemasi aliniambia kulia, akarusha kushoto. Nilimwona uso, anajua. Yeye yuko hapa kwa msaada wa masomo, na mkuu wa chuo akigundua atamrudisha nyumbani, na mama yake mgonjwa. Mimi mabega yangu ni mapana. Wacha wanirushie mkate. Sina neno naye."

Ukumbi ulingoja. Kijana wa kipaza sauti akaniinamia, akaninong'oneza, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu," nikasema, nikakaa.